Mzigo Ukae Mbele

Iyula, Mbozi
11 Februari 2024

Tumpe wangu,

Kabla hujaitikia salamu zangu kaa chini, maana nina maneno. Anayeandika ni Roda, yule mjane wa mwalimu, jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Ameanza na "natumai u mzima", nikamkatisha. Mimi situmai, nauliza. U mzima? Makene mumeo ni mzima? Mama mkwe wako Nyanzobe, mgongo umetulia?

Hapa tupo. Kahawa imebeba, mvua haijatukomoa bado. Shangazi yako Enesi amegombana na kwaya, akaapa hatakanyaga tena pale mbele, Jumapili ya pili nikamwona kasimama palepale anaimba kwa sauti kuliko wote. Kuku wangu mwekundu ametotoa tisa, mwewe kachukua wawili.

Usinipigie simu. Ukipiga kwenye simu ya Roda nasikia upepo, kisha "salama, salama", kisha inakata. Karatasi haikati. Balthazar, yule wa fuso ya mpunga, akipita Mlowo anaichukua, akifika Chitete anakuachia dukani.

Sasa. Nimesikia mmeuza maksai. Tumpe, Makene alipoleta ng'ombe wa mahari mimi nilirudisha wawili kwa mkono wangu mwenyewe. Watu walinicheka, wakasema bibi gani huyu anarudisha mahari. Nilirudisha kwa sababu sikutaka mjukuu wangu alime kwa mgongo wake. Leo naambiwa wameuzwa, mmenunua trekta dogo lililokwisha kulimia watu wengine. Trekta halizai! Roda anasema maksai naye hazai. Mwandikie hivyo hivyo, Roda, asome jinsi ulivyonijibu.

Mpunga ukiiva mtaubeba na nini? Trekta linalima, sawa. Mgongo halina.

Msalimu Makene, ingawa nimemkasirikia.

Ni mimi bibi yako Tulinagwe. Hilo doa jeusi ni dole gumba langu.

*

Njia ya Chitete, Momba
2 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya maksai. Nilikaa chini kama ulivyosema. Sisi ni wazima. Mama Nyanzobe anakushukuru, mgongo unauma asubuhi, mchana anausahau. Makene anasema kasirika tu Bibi, lakini usikasirike mpaka masika yaishe.

Maksai walizeeka, Bibi. Yule mkubwa alilala kwenye mtaro wa shamba akakataa kuinuka, nusu siku. Tungengoja angekufa mikononi mwetu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakachosema, nawe umekisema.

Sasa kuhusu mgongo. Nautengeneza mimi, tela la kufunga nyuma ya trekta. Unakumbuka miaka miwili niliyokaa Mpemba kwa yule fundi mageti, ukawa unaniambia kuchomelea vyuma si kazi ya mtoto wa kike, macho yataisha? Macho bado yapo. Nimepata ekseli ya pikapu iliyokufa, kule kwenye vyuma chakavu Tunduma, na magurudumu yake mawili. Nimekata paipu za pembe nne, nimeunga fremu ya futi nane kwa tano. Jenereta tumeazima. Watu wanakuja kunitazama kama sinema. Mzee mmoja aliniuliza, "Mama, mwenye kazi yuko wapi?" Nikamwambia ameenda kunywa chai, atarudi, mngoje na wewe. Alingoja, Bibi!

Umbo la tela nimelitoa kwenye lile gari la ng'ombe la Babu Osea. Sikuwa na mchoro, nilifumba macho nikaliona. Ekseli nimeiweka katikati, kisha nikaisogeza mbele vidole vinne, ili mzigo mwingi ukae nyuma. Nilikumbuka ulivyokuwa unanifundisha tukipakia mahindi, "Mzigo usimkalie ng'ombe shingoni." Trekta letu ni dogo, nalo nimelionea huruma kama ng'ombe.

Mvua zikikatika nitalijaribu kwenye ule mwinuko wa kutoka mtoni. Mpunga wote wa mwaka huu utapita pale.

Mjukuu wako,
Tumpe

*

Iyula
10 Machi 2024

Tumpe,

Marahaba. Vifaranga wamebaki sita.

Roda amenisomea barua yako mara mbili. Nilicheka kwa yule mzee aliyengoja. Halafu akafika kwenye ekseli, nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikamwambia tena.

Itoe ekseli hapo ulipoiweka. Isogeze nyuma. Mzigo ukae mbele, uliegemee trekta. Na usilipandishe tela hilo kwenye mwinuko wowote kabla hujafanya hivyo. Usiniulize kwa nini. Najua nilichokufundisha. Sasa nakufundisha hiki.

Roda ananiuliza kwa nini nimemrudisha pale pale mara tatu. Nimemwambia aandike, asiulize.

Makande ya mwaka huu yanachelewa kuiva, maharage yana ngozi ngumu. Mchungaji amehamishwa, amekuja mwingine ana sauti ndogo, wazee hatumsikii, tunaitikia tu amina. Enesi anakusalimu.

Isogeze nyuma, Tumpe. Nimekuomba mara ngapi kitu mimi?

Bibi yako Tulinagwe. Na dole gumba.

*

Njia ya Chitete, Momba
14 Aprili 2024

Shikamoo Bibi.

Sisi huku ni wazima kabisa. Barua yako ilifika. Tela limekamilika. Tumelijaribu kwa matofali, linavuta vizuri. Ekseli tuliiacha ilipokuwa kwa sababu ilikuwa imeshachomelewa na wewe hukusema sababu, tukaona labda ni hasira ya maksai.

Barua hii ni fupi kwa sababu kazi ni nyingi.

Wako mjukuu,
Tumpe

*

Iyula
21 Aprili 2024

Nani ameandika barua ile?

Mimi sikwenda shule hata siku moja, lakini karatasi zako zote ninazo kwenye kopo la majani ya chai, tangu ulipokuwa Mpemba. Nikikaa peke yangu nazifungua nazitazama. Herufi zako zinalala, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hizi zimesimama wima kama nguzo za zizi. Sikuhitaji Roda aniambie. Nilimwonyesha tu, akaikunja karatasi akanirudishia, ndipo nikajua sikukosea.

Makene, kama ni wewe, shikamoo yako nimeipokea na uongo wako nimeupokea pia. Mke mwenzangu, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, yuko wapi? Kama amelala, amelala wapi? Kama ni mkono, ni mkono upi? Tumpe, kama upo hapo unasikiliza akisoma, mwambie asiruke mstari.

Ninyi mlisema sikusema sababu. Ni kweli. Nimemwomba Roda achukue daftari lingine na afunge mlango, maana hili halijawahi kutoka kinywani mwangu. Roda, usilie kwenye karatasi. Andika.

Tumpe, ulikuwa na miaka saba. Unajua babu yako Osea alikufa kwenye mlima wa kutoka shamba la bondeni. Unajua kwamba maksai Kaptula, yule mwenye miguu myeupe nyuma, alishtuka, gari likarudi, likamkanyaga. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, na wewe nilikuambia hivyo. Kaptula hakushtuka. Hakufanya kitu.

Kaptula alikuwa na kidonda shingoni, nira ilikuwa imemla. Babu yako alipakia magunia sawasawa, mbele na nyuma, kama ilivyokuwa desturi yake tukiwa na mlima mbele yetu. Lile la mzigo usimkalie ng'ombe shingoni lilikuwa neno lake, lakini alilisema kwa njia ya tambarare. Mimi nilishika lile neno moja, la mlima sikulishika. Alipoinama kukaza kamba za nira, mimi nikavuta magunia matatu kutoka mbele nikayapeleka nyuma. Nilimwonea huruma ng'ombe. Sikumwambia Osea. Nilijua atayarudisha.

Tulipofika penye mwinuko mkali, nyuma kukawa kuzito, ule mti wa mbele unaofungwa nira ukainuka, nira ikapanda juu na kamba zikawakaba maksai koo. Waliinuliwa, Tumpe! Miguu ya mbele ilikuwa inatafuta ardhi. Hawakuwa na nguvu ya kuvuta wala ya kuzuia. Gari likaanza kurudi. Babu yako alikuwa nyuma na jiwe, kama walivyofanya wanaume wote hapa, mmoja anatembea nyuma ya gurudumu na jiwe mkononi. Aliliweka jiwe vizuri. Gurudumu lililipanda kama halipo.

Watu walipokuja walinikuta nimeketi. Wakaniuliza, nikawaambia ng'ombe alishtuka. Wazee wakasema ng'ombe aliyeua mtu hakai zizini, wakamchinja Kaptula siku ya tatu. Wewe ulilia nyuma ya ghala, ukasema hana kosa, nami nikakukaripia unyamaze. Nililetewa kipande cha nyama yake. Nilikifukia.

Na kwa nini niliendelea kukufundisha vile? Kwa sababu ningeacha ungeuliza, "Bibi, mbona siku hizi husemi?" Wewe ulikuwa mtoto wa maswali. Basi nikaendelea, mwaka kwa mwaka, nikisema neno lile, na njia zetu nyingine zote zilikuwa tambarare nikaona halina madhara. Sikujua kama siku moja utalichomelea kwenye chuma.

Trekta nalo ni hivyo hivyo. Mzigo ukikaa nyuma, tela litalinyanyua trekta mkia, magurudumu yake hayatashika ardhi. Sihitaji kusomea hilo.

Nijibu kwa mkono wako. Hata mstari mmoja uliopinda.

Tulinagwe

*

Iyula
12 Mei 2024

Tumpe,

Wiki tatu. Kila siku ya soko nashuka Mlowo nakaa barabarani natazama fuso. Wapiga debe wameshanizoea, wananiita mkaguzi. Nilimwambia Roda avunje mwiko apige simu. Amepiga mpaka ikaisha chaji. Yule mwanamke wa ndani ya simu anasema hupatikani. Nilimwuliza, "Tangu lini?" Hajibu, anarudia lilelile.

Leo nimempata mtu anayemjua Balthazar. Anasema fuso imezama kwenye matope upande huu wa mto, leo ni siku ya kumi na tisa, na Balthazar analala humo akiilinda. Barua yangu iko humo, imechomekwa juu ya kioo. Sijalia mbele za watu tangu Osea afe, lakini leo wapiga debe wamenishika mikono wakanikalisha kwenye kreti la soda.

Nampa karatasi hii kijana wa bodaboda wa Chitete. Ni ndogo, basi nasema kwa ufupi. Usilipandishe tena lile tela. Sogeza ekseli nyuma. Babu yako hakuuawa na Kaptula, aliuawa na mzigo wa nyuma, na aliyeupakia ni mimi. Mengine yako kwenye fuso. Makene, ifuate, hata kwa miguu.

Kama yameshatokea, niambieni. Hofu yangu ni kubwa kuliko lolote mtakaloniambia.

T.

*

Njia ya Chitete, Momba
26 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Ni mimi. Herufi hizi ni mbaya kwa sababu naziandika kwa mkono wa kushoto, nimeanza ukurasa huu jana asubuhi.

Naanza na kilichotokea. Siku ya tisa ya Aprili tulipakia matofali mia mbili na hamsini, mengi nyuma, kama nilivyokuandikia. Makene aliendesha. Mimi nilitembea nyuma ya gurudumu na jiwe. Sikufikiri, Bibi. Trekta lina breki, jiwe la nini? Lakini kila gari nililokua nalo lilikuwa na mtu wa jiwe, nami nikaokota jiwe.

Katikati ya mwinuko niliona nyuma ya trekta inainuka, kiasi cha kiganja. Magurudumu yakawa yanazunguka hewani, na breki zake ziko kwenye magurudumu hayohayo. Makene alikanyaga, tela likarudi. Nikaweka jiwe. Gurudumu lililipanda kama ulivyosema, kama halipo. Matofali yakamwagika, ndiyo yaliyotuokoa, tela likawa jepesi likasimama. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa bado kwenye jiwe. Kidole cha mwisho kimekatwa hospitalini, kinachokifuata kimebaki kigumu kama msumari. Mengine yote ninayo.

Nilimwambia Makene aandike kwamba linavuta vizuri. Alikataa, tukagombana mpaka Mama Nyanzobe akatoka nje na fimbo yake. Niliogopa ungesema ni malipo ya maksai.

Karatasi yako ndogo ilifika tarehe kumi na tano. Makene aliisoma, akavaa buti. Aliondoka kwa miguu, akarudi siku ya pili na barua ya fuso, ndani ya mfuko wa sukari. Balthazar hakutaka kumpa mpaka alipotaja jina la kuku wako. Eti ulimwagiza hivyo. Bibi, kuku wako hana jina! Makene alisema "mwekundu", akapewa.

Tulisoma wote wawili. Sitakudanganya, nilikasirika. Kwanza kwa ajili ya Kaptula. Niliwaambia hana kosa, na kwa miaka ishirini nilidhani nilikuwa mtoto mjinga. Kisha nikakasirika kwa ajili ya kidole. Hasira ilikaa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa namenya viazi kwa kushoto, nikajiona mwenyewe, mwezi mzima nimekuficha jambo ambalo ungeliona kwa jicho siku yoyote utakayokuja. Nikacheka peke yangu. Tumefanana, Bibi, hata pasipofaa.

Unasema uliyavuta magunia kwa sababu ya kidonda cha ng'ombe. Mimi ninakufahamu. Babu alikufahamu zaidi yangu. Sina zaidi ya hilo la kusema, nikitafuta maneno makubwa nitaandika uongo.

Tela nimelikata. Makene alishika grainda, mimi nilielekeza. Nimepima shibiri moja kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia sasa unapima pungufu, nikairudisha ekseli nyuma. Kuchomelea nimechomelea mwenyewe, taratibu, siku mbili, mshono umepinda lakini umeshika. Nyuma ya magurudumu nimefunga kabari za mti zenye mnyororo, zinajiburuta zenyewe. Hakuna mtu atakayetembea na jiwe tena kwangu.

Jana tulipandisha magunia kumi na nane ya mpunga. Nilikaa kando, mbali, nikiwa nimeshika sketi ya Mama Nyanzobe kama mtoto. Magurudumu ya trekta yalikanyaga chini, yakang'ata, yakapanda. Makene alipofika juu alipiga honi mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia.

Nimeandika jina kwenye ubavu wa trekta kwa rangi nyeupe. KAPTULA.

Mjukuu wako,
Tumpe

*

Iyula
9 Juni 2024

Tumpe wangu,

Marahaba, marahaba.

Barua ilipofika sikumpa Roda. Niliifungua mwenyewe, nikaitazama. Herufi bado zinalala, ila sasa zimelalia upande wa pili. Nikajua ni wewe. Nikamwita Roda, nikamwambia soma taratibu, tuna siku nzima.

Kidole nimekililia. Sikuandikii zaidi ya hapo, maana Roda naye hajiwezi leo, tutaharibu karatasi.

Umekasirika siku mbili. Ni chache. Nilijiandaa kwa miaka.

Nimeenda kwa wazee waliobaki. Wako wawili, mmoja hasikii. Niliwaambia habari ya Kaptula mbele ya Enesi na mbele ya mchungaji wa sauti ndogo. Yule asiyesikia alisema amina. Mwenzake alivua kofia, akasema, "Mama, nyama ile tulikula." Nikamwambia ndiyo, mlikula. Jumamosi nilikwenda kwenye kaburi la Osea nikasema mwenyewe, kwa Kinyiha, kwa sauti. Magugu yalikuwa mengi, nikayang'oa nikiwa nasema.

Sasa sikiliza. Nakuja. Kahawa Enesi ataichuma, amezoea kulalamika, acha apate sababu. Alhamisi ya tarehe ishirini nitapanda gari mpaka Chitete, na kuku wawili wa Mama Nyanzobe. Balthazar amesema fuso yake ni nzima, ila mimi kwenye fuso ile sipandi, nimeshaisubiri vya kutosha.

Naambiwa kutoka Chitete mpaka kwenu ni mbali kwa miguu yangu. Njoo unichukue na hilo tela. Usiniambie habari ya bodaboda. Nataka kupita mwinuko ule nikiwa na macho wazi. Endesha wewe, Makene ashuke, mguu wako ni mzima.

Na unipakie mbele, Tumpe, karibu kabisa na pini ya kufungia trekta. Mimi ni mzito.

Bibi yako Tulinagwe. Madole gumba nimeweka mawili, la pili ni kwa ajili ya Kaptula.